Mashindano ya bao nyumbani kwa ajili ya sadaka: namna tunavyoyaandaa sisi hapa Ng'ambo

Kila mwaka tunachagua siku moja, watu 16, mabao manne, uani kwetu hapa Ng'ambo, mjini Unguja, tunacheza toka asubuhi mpaka karibu na Magharibi na mwisho wa siku kuna kitu kimepatikana cha kumpelekea mwenye haja. Mwaka huu ilikuwa mabati ya chuo cha Kurani cha watoto wa mtaa wa nyuma, mvua ikinyesha wale watoto walikuwa wanasogea kona moja na juzuu wameziweka chini ya nguo zisirowe. Watu kadhaa wameniuliza inaendaje, mmoja anataka kufanya Chake, mwengine Wete, huko Pemba, basi naiandika yote hapa, na kama mtaa wenu mnacheza zaidi dhumna au keram badilisheni mchezo tu, mengine yote yanabaki vile vile.

KWANZA MALIZANENI HABARI YA PESA

Hii naiweka mwanzo kwa sababu sisi tuliiweka mwisho na ikatuharibia. Mwaka wa kwanza tulichangishana elfu kumi kila mchezaji, jumla 160,000, tukasema 40,000 apewe bingwa na iliyobaki iende kwenye sadaka. Tuliona ni jambo zuri, mshindi naye apate chochote. Mzee wetu mmoja, fundi hasa wa bao, alipoisikia alikuwa ameshakaa mbele ya bao na kete za kunamua, zile za kuingiza moja moja mwanzo wa mchezo, ziko mkononi, akazirudisha ndani ya shimo taratibu, akanyanyuka, akavaa makubadhi yake akasema "wanangu, hii sasa ni kamari" akaenda zake. Hakugombana na mtu. Siku ile haikuwa na raha tena.

Na alikuwa na haki. Mkitoa pesa nyote halafu mmoja akaondoka nayo kwa kushinda, hiyo ndiyo kamari yenyewe, ile iliyotajwa pamoja na ulevi katika Suratul Maida aya ya 90, na kusema nusu inakwenda kwa mayatima hakuibadilishi. Kwa hiyo toka mwaka wa pili tuna sharti moja na hatulivunji: pesa haifuati mshindi. Unachotoa ni sadaka, umeshaitoa, ukishinda ukishindwa hairudi hata senti. Anaetaka kucheza na hana elfu kumi anacheza vile vile bila kuulizwa, anaetaka kutoa laki na hajui hata kunamua anatoa. Orodha ya wachezaji iko kwenye karatasi moja na ya waliotoa iko kwenye daftari jengine, na hazikai kwa mtu mmoja.

Zawadi ya bingwa ipo lakini haitoki kwenye mfuko ule. Anaitoa mtu ambae hachezi. Kwetu kuna bi mkubwa mmoja anashona kofia za viua, kila mwaka anatoa moja, ukiishika ukaiangalia kwa karibu vile vitundu vimezungushiwa uzi kimoja kimoja kwa mkono unafahamu kwamba ile ni kazi ya wiki na wiki, na bingwa anaivaa Ijumaa msikitini na kila mtu anajua kaipata wapi. Kuliko ile 40,000, wallahi. Mie si sheikh, na wapo wanaoona bao lenyewe ni bora liachwe, kwa hiyo kaeni na mwalimu wenu wa mtaa mumuelezee mnavyotaka kufanya kabla hamjamualika mtu. Sisi tulikwenda, na masharti haya yametoka kwenye kikao kile.

CHAGUA SIKU

Jumapili ni nzuri, Ijumaa haifai na Jumamosi wengine wako kazini. Kama mnachezea uani kama sisi epukeni masika, yaani Machi mpaka Mei, na vuli nayo inaweza kukuharibia. Sisi tunafanya Julai au Agosti, hewa imepoa na jua si kali. Ramadhani watu wanacheza sana usiku baada ya tarawehe lakini mashindano ya siku nzima hayawezekani, msijaribu. Na kama mtaweka spika au watu watajaa mpaka njiani mwambieni sheha mapema, ni mtu wenu, akijua kabla hakuna usumbufu.

WATU

Watu 16 ndio hesabu inayokaa vizuri. Wanane wanaisha haraka, 32 hamtomaliza siku moja mkiwa na mabao manne. Nawaalika mimi mwenyewe kwa mdomo, sitegemei grupu la WhatsApp, mana kwenye grupu kila mtu anaandika inshaallah na siku ikifika wanakuja tisa. Nakwenda barazani naongea na mtu uso kwa uso, halafu siku mbili kabla napiga simu tena. Na weka watu wawili wa akiba ambao watakuwepo tu hapo hapo.

Changanya mafundi na wanaojifunza. Usijaze mafundi watupu, itakuwa kimya na nzito na vijana hawatokuja tena mwakani. Dada zangu wawili wanacheza, na mwaka juzi wakaja na wenzao watatu, tukawawekea bao moja upande wa ukumbini ili wakae kwa starehe zao, mmoja wao akafika nusu fainali. Pangeni nyinyi kwa mnavyoishi kwenu ila msiwasahau, mana kuliona bao barazani tu kumewafanya watu wadhani ni mchezo wa wanaume tu.

MABAO NA KETE

Mabao manne yanatosha. Usinunue, azima, kila baraza ina bao na mwenye nalo atafurahi kuulizwa. Angalia tu lisiwe lile la duka la watalii, linang'aa vanishi lakini mashimo hayana kina, kete zikifika kumi zinamwagika. Bao la kuchezea lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji kwenye safu ya mbele, iwe inajulikana, kwa kawaida inachongwa mraba.

Kete ni 64 kwa kila bao, kwa hiyo manne ni 256, na mie naweka nyengine 30 za akiba. Tunatumia komwe zenyewe, zile za kijivu za mkomwe, ukienda ufukweni sehemu ambayo haijajengwa mahoteli unaziokota. Zina uzito wake na zinalia vizuri zikigusa mti. Gololi zinateleza na mawe yanakwangua bao la watu.

Sasa hapa kuna jambo dogo lakini ndilo lililotaka kutugombanisha mwaka jana. Nusu fainali, mchezo wa tatu, mmoja anasema hesabu yake haiendi, muamuzi akasimamisha, wakahesabu kete zote ikaja 63. Kila mtu akaanza kumuangalia mwenzake. Mkeka ukanyanyuliwa, hakuna, chini ya bao hakuna, watoto wakaulizwa, hakuna. Baada ya robo saa nzima mmoja aliponyanyuka kujinyoosha ikadondoka kutoka kwenye mkunjo wa kanzu yake, kumbe wakati wa kunamua iliruka. Mtu mwaminifu kabisa na alitahayari mpaka machozi yakamlenga. Toka siku ile kabla ya kila mchezo muamuzi anahesabu 32 upande huu na 32 upande ule kwa sauti na wote wawili wanaitikia, na kete za akiba zinakaa ndani chumbani, sio kwenye bakuli pembeni ya bao.

SHERIA MZISOME KWA SAUTI ASUBUHI

Kila baraza ina desturi zake na kila mtu anaamini ya kwao ndiyo ya asili. Sisi tunacheza Bao la Kiswahili, sio bao la kujifunza lile la kete mbili mbili kila shimo. Kila mmoja anaanza na kete 6 kwenye nyumba, 2 na 2 kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwa nyumba, na 22 za kunamua. Zikiisha za kunamua unaingia mtaji, yaani unacheza kwa kuzoa kete zilizomo mashimoni. Anaemalizwa safu ya mbele kashindwa, na asiekuwa na pa kucheza kashindwa. Mpaka hapo hakuna ubishi, ubishi unakuja kwenye haya na ndiyo ya kuyasema mapema:

Penye cha kula lazima ule, huwezi kutakata, yaani kugawa kete bila kula, kwa sababu tu unaogopa kufungua upande. Ukila kwenye kichwa (shimo la mwisho la safu ya mbele) au kimbi (la pili kutoka mwisho) kete zinaingia kwa kichwa cha upande ule ule, huchagui. Ukiifikia nyumba yako katika kula, na bado unaimiliki, unachagua kulala, yaani kuishia hapo, au kusafiri, yaani kuzoa kete zake uendelee, ila useme kwa mdomo "nasafiri" kabla mkono haujazoa. Kwenye mtaji shimo lenye kete 16 au zaidi haliwezi kuanzia kula, linatakata tu. Na takasia tunaicheza, yaani shimo la mpinzani linalotishiwa kuliwa linafungwa asilichezee, na muamuzi ndie anaetangaza shimo lipi limetakasiwa, mana kati ya vijana wa sasa wengi hawaijui na wakiambiwa na mpinzani wanahisi wanadhulumiwa.

Kuna nyengine inatokea mara chache sana lakini ikitokea hamna pa kukimbilia: mtaji unaozunguka hauishi, kete zinakwenda tu bao zima hazilali. Sisi muamuzi akiona mzunguko unajirudia mchezo ule unafutwa na unaanza upya.

Na sharti la mkono. Mafundi wanagawa kete kwa kasi ambayo jicho halifuati, wengine wanaona kabla hawajamaliza kugawa itaishia wapi na wanaruka kabisa. Barazani sawa. Kwenye mashindano kila kete idondoke kwenye shimo lake isikike. Mafundi wamenuna kidogo mwanzo ila wamezoea. Ubongo wao siubishii hata kidogo, mtaalamu wa Kiholanzi Alexander de Voogt alikuja hapa Zanzibar miaka ya tisini akawafanyia utafiti mafundi wetu kwa ajili ya udaktari wake, na sisi tunaokaa nao kila jioni tunadhani ni wazee wa kupoteza muda tu.

RATIBA NA KURA

Ni mtoano lakini hakuna anaeondoka baada ya mchezo mmoja. Mtu katoka Fumba au Bububu, kafungwa saa 3 na nusu asubuhi, halafu akae mpaka jioni anaangalia? Kwa hiyo wanane watakaotoka raundi ya kwanza wanaingia kombe la pili, wanacheza wenyewe kwa wenyewe. Kwa jumla ni mechi 22.

Saa 3 kamili asubuhi mechi nane za kwanza kwa zamu mbili, kila zamu dakika 40, ikifika saa 4 na nusu mmemaliza hata kwa kuchelewa. Zamu inayofuata robo fainali, mechi nne mabao manne, halafu wale wa kombe la pili nao mechi nne, mpaka karibu saa 6. Hapo mnasimama, Adhuhuri, chakula, mtu alale kidogo akitaka. Saa 8 nusu fainali zote nne kwa pamoja, hizi tunacheza mshindi ni wa mbili katika tatu. Alasiri. Saa 10 fainali mbili. Kabla ya Magharibi watu wako huru. Zipangeni sala kwenye ratiba toka mwanzo, zisiwe za kukatiza mchezo katikati, kwa sababu anaekatizwa akirudi atasema bao limeguswa.

Dakika 40 zikiisha na hakuna alieshinda kila mmoja anapewa zamu tano za mwisho, kisha mnahesabu kete na mwenye nyingi ndie mshindi. Najua si sawa kabisa, unaweza kuwa na kete nyingi zimelala nyuma na bado uko katika hali mbaya, lakini bila ya hivyo hamtomaliza, na ikishasomwa asubuhi kila mtu anacheza akijua. Fainali haina saa.

Kura tunaweka makopo mawili, moja la wanane tunaowaona wazito na moja la waliobaki, mnatoa karatasi huku na huku, basi mafundi hawakutani mapema. Mtoto mdogo ndie anaetoa karatasi.

MUAMUZI NA WATAZAMAJI

Tafuta waamuzi wawili wasiocheza, wenye umri na wasiopenda kelele. Yule mzee aliyenyanyuka mwaka wa kwanza ndie muamuzi wetu mkuu sasa. Nilimfuata kwake baada ya kubadilisha masharti, nikakaa nae, akanisikiliza mpaka mwisho akasema haya. Watu wanamheshimu, akisema "kete imelala" imelala.

Kazi yake kubwa kwa kweli ni watazamaji. Bao la barazani nusu ya raha ni wale waliosimama nyuma, "mle huyo mle", "weye huoni?", "ungelianza kushoto yakhe", hawawezi kujizuia, na mchezaji anaanza kucheza mawazo ya watu. Kwenye mashindano hairuhusiwi kabisa. Tulijaribu kuwakataza tu haikusaidia, sasa anaemwambia mchezaji anaombwa atie elfu moja kwenye sanduku, halazimishwi, na wanatia wakicheka, na mwaka huu sanduku lile la waliosema peke yake lilikuwa na 25,000. Muamuzi anachotakiwa kuangalia ni kwamba kama alieambiwa akacheza vile vile alivyoambiwa, mchezo unarudishwa nyuma kama bado inakumbukika, na mafundi wanakumbuka, watakurudishia bao zima kete kwa kete.

CHAKULA

Msipike vitu vya gharama halafu mkatoa kwenye pesa ya sadaka. Kila nyumba inaleta kitu. Asubuhi kahawa kwenye dele na kashata, mchana wali na mchuzi wa samaki au pilau kama kuna mtu kajitolea nyama, jioni bajia, katlesi, juisi ya ukwaju. Urojo sisi tumeuacha, ni mtamu lakini mikono inarudi kwenye kete ikiwa na embe na chachandu. Weka ndoo ya maji na sabuni njiani, kila anaetoka kula anapita hapo.

MNADA

Hii ndiyo iliyotuletea pesa kuliko tulivyotarajia. Jamaa mmoja kila mwaka analeta halua kutoka Wete, kikapu kimoja kizima, anaitoa bure. Kabla ya fainali watu wote wapo, tunainadi. Mnada hauna tatizo mana ni kununua na kuuza, anaetoa zaidi anaondoka na halua yake. Mwaka huu ilifika 130,000, alieinunua akaifungua hapo hapo akagawa kwa watu wote pamoja na watoto waliokuwa wamekaa ukutani. Tafuteni kitu kimoja kizuri cha kunadi, kimoja tu, mkinadi vitu kumi watu wanachoka.

KUHESABU NA KUPELEKA

Hesabu siku ile ile, hapo hapo, mbele ya watu, kabla hawajatawanyika. Watu wawili wanahesabu na wa tatu anaandika, na anaesoma jumla anasoma kwa sauti. Yetu ya mwaka huu: wachezaji 160,000, sanduku la wageni 97,000, mnada 130,000, waliosema 25,000, jumla 412,000. Za simu zinaandikwa pamoja na makato yake, sio unaandika iliyotumwa wakati iliyoingia ni pungufu, hapo ndipo maneno yanapoanzia.

Majina na viwango vya waliotoa hatuvisomi. Alietoa elfu mbili na alietoa elfu hamsini wote wamesikia jumla moja.

Halafu nunueni kitu, msimpe mtu pesa mkononi, hata kama ni mtu mwema kiasi gani mnamtia mtihanini. Kesho yake watatu wetu tulikwenda dukani, bati 29,000, tukachukua 14, ikawa 406,000, elfu sita iliyobaki ikaingia kwenye misumari, na rafiki mmoja mwenye kigari akabeba bila kutaka nauli. Risiti tukaipiga picha tukawatumia wote waliokuja. Kama anaesaidiwa ni mtu na sio chuo, mgonjwa au mjane, msimpige picha na msimtaje jina, pelekeni usiku watu wawili tu, mrudi.

Jioni ya mashindano kabla hamjalala mabao yafutwe kwa kitambaa kikavu, yasipigwe maji mana mti unapasuka, kete zihesabiwe tena zifike 256 na zile 30 za akiba, zifungwe 64 kwa kila mfuko, na kila bao lirudi barazani kwake usiku ule ule, wenyewe watalitaka kesho baada ya Alasiri.